UZI: Ahadi ya "tutaajiri wahudumu wa afya" ilianza wapi, na kwa nini haiishi kuahidiwa

1/ Kila msimu wa siasa tunaisikia. Mgombea anasimama juu ya gari pale Juja, anashika maiki: "Tutaleta KMTC hapa, na vijana wetu wote waliosomea afya watapata kazi!" Makofi. Miaka mitano baadaye anakuja mwingine na maneno yale yale. Leo sitaji chama wala mwanasiasa, juu ahadi hii si ya chama kimoja. Nataka tuangalie historia yake, ndiyo mara ijayo ujue cha kuuliza.

2/ Mimi naishi upande wa Kalimoni, hapa kati ya Ruiru na Thika. Ukikaa huku utagundua kitu. Matokeo ya KCSE yakitoka, mzazi ambaye mtoto wake amepata C haulizi tena kuhusu udaktari. Anauliza: maabara au kliniko? Famasia au lishe? Eksirei inalipa? Kuna wazazi hapa wameuza ng'ombe na wengine wamekata ploti kwa ajili ya karo ya diploma ya miaka mitatu. Kwa hivyo hii si hadithi ya vitabu. Ni ardhi ya watu.

3/ Na si ajabu wazo hilo limewaingia. Hospitali ya misheni ya Kalimoni iko hapa. KMTC ina kampasi Thika. JKUAT iko Juja na inafunza kozi za afya, Mount Kenya University iko Thika na inafunza pia. Asubuhi ukipanda matatu, nusu ya abiria ni wanafunzi, na wengi kati yao wamekunja koti jeupe ndani ya begi. Mtoto wa huku anaiona hiyo kazi kila siku kabla hajafika Form One.

4/ Tuanze mwanzo. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilifungua hospitali ya Waafrika Nairobi, ile ambayo leo ni KNH. Madaktari walikuwa Wazungu wachache, na wasaidizi wengi walitoka India. Mwafrika alikuwa wa kufagia, kubeba machela na kufunga vidonda. Huyo wa kufunga vidonda ndiye aliitwa dresa. Wazee wetu bado wanalikumbuka hilo neno.

5/ Vita ya kwanza ya dunia ikabadilisha mambo. Wapagazi Waafrika walikufa kwa maelfu, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na njaa. (Majina ya Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam yametoka kwa kikosi hicho cha wapagazi.) Madaktari hawakutosha, ikabidi vijana waliosoma shule za misheni, hasa wa Uganda, wafunzwe haraka kuwatibu wenzao. Wakaweza. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema tena kwamba Mwafrika hafundishiki kazi ya hospitali.

6/ Kutoka hapo njia zikagawanyika. Makerere, Uganda, wakaanza mafunzo ya udaktari mwaka 1924. Nairobi, mwaka 1927, mafunzo ya wasaidizi wa hospitali yakaanza katika chuo kilichokuja kuwa KMTC. Angalia hiyo miaka vizuri. Kenya ilianza kufunza wasaidizi wa tiba mwaka 1927 lakini ikapata shule yake ya udaktari, pale Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 1967. Miaka 40 katikati! Kwa hiyo miaka 40, kwa mwananchi wa kawaida wa kijijini "daktari" alikuwa ni huyo msaidizi.

7/ Mkoloni hakufanya hivyo kwa mapenzi. Msaidizi alikuwa na mshahara mdogo, alikubali kupelekwa mahali ambapo Mzungu hangekaa, na cheti chake hakikutambuliwa nje kwa hivyo hangetoroka. Mashamba ya mkonge na kahawa huku Ruiru na Thika yalihitaji vibarua wenye nguvu, na kibarua mgonjwa ni hasara. Ndiyo maana zahanati ziliwekwa. Lakini kitu kilichoanzishwa kwa sababu ya bei rahisi kikageuka kuwa uti wa mgongo wa afya ya nchi.

8/ Hebu tuliangalie hili kidogo, kwa sababu huwa tunajidharau. Marekani walianzisha kada inayofanana na afisa wa kliniki mwaka 1965, pale Chuo Kikuu cha Duke, wakianza na watu waliokuwa wahudumu wa tiba wa jeshi la wanamaji. Wakati huo Kenya ilikuwa na karibu miaka 40 ya uzoefu. Jirani zetu Tanzania nao wana matabibu wao, na madaktari wasaidizi ambao kwa miaka mingi wamefanya upasuaji wa kujifungua katika hospitali za wilaya. Hapa kwetu kuna maafisa wa kliniki waliobobea ambao wanatoa ganzi na wanaondoa mtoto wa jicho. Hiyo si kazi ya "nusu daktari". Ni taaluma kamili.

9/ Sasa shika jambo moja la kipindi kile, kwa sababu uzi wote unalitegemea. Aliyekuwa anafunza ndiye aliyekuwa anaajiri. Wizara ilihesabu nafasi zilizopo, ikachukua vijana wa kutosha hizo nafasi, ikawafunza kwa gharama ya serikali, ikawatuma kazini. Ukimaliza leo, barua ya kazi inakungoja. Mzee wa huku aliyemaliza chuo miaka ya 1970 atakuambia hakuwahi kuandika barua ya kuomba kazi maishani mwake.

10/ Kuna jambo lingine watu hawalijui wanapobishana kuhusu ugatuzi. Baada ya uhuru, mabaraza ya kaunti yalikuwa yanaendesha zahanati na vituo vingi vya afya mashambani. Pesa zikayashinda, huduma zikadorora, na mwaka 1970 serikali kuu ikazichukua zote. Kwa hivyo anayesema "afya irudishwe Nairobi" na anayesema "afya ibaki kaunti", wote wawili wanarudia mjadala wa zaidi ya miaka 50. Tumejaribu njia zote mbili. Zote zilikwama mahali pamoja: pesa haikufuata kazi.

11/ Miaka ya 1980 mwishoni upepo ukageuka. Nchi ilikuwa na madeni, na wakopeshaji wakaja na masharti: punguzeni wafanyakazi wa umma, mwananchi achangie gharama. Desemba 1989 ada zikaletwa kwenye hospitali za serikali, zikasimamishwa 1990 baada ya watu kuacha kwenda kutibiwa, kisha zikarudishwa pole pole. Wazazi wetu waliiita "cost sharing" na hawakuhitaji mtu kuwatafsiria.

12/ Mwaka huo huo wa 1990 Bunge likapitisha sheria iliyofanya KMTC kuwa shirika la serikali linalojitegemea. Kwa maneno ya kawaida: chuo sasa kinajitafutia pesa, na pesa inatoka kwa karo. Na katika miaka hiyo ya 1990, ule utaratibu wa kuajiriwa moja kwa moja ukimaliza chuo ukafa.

Huo ndio mpasuko wa kwanza. Anayefunza na anayeajiri wakaachana.

13/ Fikiria matokeo yake. Zamani, kuchukua wanafunzi wengi kuliko nafasi kulikuwa ni hasara kwa serikali, juu yeye ndiye angewalipa. Baada ya 1990, kila mwanafunzi anayeongezeka ni mapato kwa chuo, na akikosa kazi hiyo ni shida yake na mamake. Hakuna aliyekaa akapanga njama. Ni hesabu tu imebadilika, na hesabu ikibadilika tabia inabadilika.

14/ Kisha siasa ikagundua kwamba chuo ni mradi mzuri wa kuonyesha. Jengo lina bango, lina siku ya kuzinduliwa, lina picha. Kampasi zikaongezeka hadi leo KMTC ina zaidi ya 70 nchini. Sisemi ni vibaya. Mtoto wa Turkana au Tana River kusomea karibu na kwao ni haki yake. Ninachosema ni hiki: kampasi inaongeza wanaotafuta kazi, haiongezi kazi. Mgombea anayeahidi kampasi kana kwamba ni ajira anauza vitu viwili kwa bei ya kimoja, na kimoja hana.

15/ Mpasuko wa pili ni Katiba ya 2010. Soma Jedwali la Nne. Serikali ya kitaifa ilibaki na sera na hospitali kuu za rufaa. Vituo vya afya na hospitali nyingine zikaenda kaunti, kazi ikaanza 2013. Kwa hivyo leo KMTC inayofunza iko chini ya Nairobi, lakini anayetakiwa kuajiri huyo mhitimu ni bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Yule anayefungua bomba la wahitimu si yule mwenye ndoo.

16/ Na ndoo yenyewe ina mfuniko. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Jengo la hospitali linahesabiwa maendeleo. Mtaalamu wa maabara wa kukaa ndani ya hilo jengo anahesabiwa mshahara. Sasa umeelewa kwa nini unaona zahanati mpya yenye rangi nzuri na kufuli mlangoni? Sheria yenyewe inafanya ukuta uwe rahisi kuliko mtu.

17/ Kiambu, kwa sensa ya 2019, ina watu 2,417,735, na huku kwetu ndiko wanakoongezeka kwa kasi. Tuko na viwanda Thika na Ruiru, tuko na barabara kuu ambapo ajali haziishi, tuko na bodaboda, tuko na machimbo ya mawe ya Ndarugu ambapo vijana wanavunjika migongo. Aliyevunjika mguu akifanyiwa upasuaji na asipate mtu wa mazoezi ya viungo, atabaki kiwete na kazi imeisha. Daktari ameokoa maisha, lakini fiziotherapia ndiyo ingerudisha mshahara. Hiyo kada ndiyo ya kwanza kukosekana na ya mwisho kuajiriwa.

18/ Wenyewe hawakukaa kimya. Angalia miaka ambayo kila kada ilipata sheria yake:
- Maafisa wa kliniki, 1988 (ikaandikwa upya 2017)
- Maabara, 1999
- Lishe, 2007
- Maafisa wa afya ya umma, 2013
- Fiziotherapia, 2014
- Rekodi za afya, 2016
Karibu miaka 30 ya kubisha mlango mmoja mmoja. Kila sheria ilileta baraza, usajili na leseni. Heshima ilipatikana kwa njia hiyo, si kwa zawadi.

19/ Lakini kuna upande wa pili. Kila baraza lina mipaka yake na linailinda. Ndiyo maana unaona mivutano: nani anaruhusiwa kuandika dawa gani, nani anaweza kusimamia kituo, nani asaini fomu. Mwanzoni mwa 2025 maafisa wa kliniki walilalamika kwamba vituo vyao vidogo vya ngazi ya 2 na 3 vilikuwa vinaachwa nje ya mfumo mpya wa bima, SHA. Kwenye mitandao ilionekana kama ugomvi wa vyeo. Kwa mama wa Kalimoni aliye na mtoto mwenye homa usiku wa manane, swali lilikuwa fupi zaidi: ile kliniki iliyo karibu itanihudumia na kadi yangu ama nilipe taslimu?

20/ Sasa tuje kwa neno "kandarasi", kwa sababu ndilo serikali zote zimelikimbilia. Mwaka wa fedha wa 2009/2010, wauguzi 20 kwa kila eneobunge kwa kandarasi. Kabla ya hapo na baada yake, wafadhili wa UKIMWI wakawalipa maelfu ya wahudumu kwa kandarasi. Mwaka 2020, zaidi ya 7,000 wakaajiriwa kwa kandarasi za mpango wa afya kwa wote, na mwaka 2025 wakawa wanakesha nje ya makao ya wizara wakidai ajira ya kudumu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, waliolipwa na wafadhili wakaambiwa warudi nyumbani karibu usiku mmoja.

21/ Kandarasi inampa mwanasiasa nambari ya kutangaza leo na inamwachia mwingine deni la kesho. Mhudumu wa kandarasi hapati mkopo wa nyumba, hapandishwi cheo, hawezi kupanga kusoma zaidi. Lakini mgonjwa aliye mbele yake hana taarifa kwamba huyu ni wa kandarasi na yule ni wa kudumu. Kazi ni ile ile, damu ni ile ile.

22/ Halafu kuna mwaka wa unagenzi. Afisa wa kliniki akimaliza miaka mitatu ya diploma lazima afanye mwaka mmoja hospitalini kabla ya leseni kamili. Asipotumwa huko, hana leseni. Bila leseni, hawezi kuajiriwa popote, hata kwa mtu binafsi. Kutuma kunategemea bajeti ya kila mwaka. Mgomo wa maafisa wa kliniki wa 2024, ulioanza Aprili na kwisha Julai, ulikuwa na hilo ndani yake. Watu walidhani ni mshahara tu. Kumbe kulikuwa na vijana waliokuwa wamesimama mlangoni, mlango uko nusu wazi, na aliyeshika ufunguo anasema bajeti haijapita.

23/ "Basi wasisomee afya?" Naulizwa hivyo na wazazi karibu kila mwezi. Jibu langu ni hapana, wasome. Nchi inawahitaji, na kazi yenyewe ni ya heshima. Hospitali za misheni na za watu binafsi zinaajiri, kliniki na kemisti za mitaani zinaajiri, na wengine wamevuka kwenda Uingereza na Ghuba. Lakini mzazi asome kabla ya kuuza ploti. Chuo hiki kimeidhinishwa na baraza la kada hiyo? Si "tuko kwa mchakato", kimeidhinishwa? Bila hapo, mtoto atamaliza na karatasi ambayo baraza halitaisajili. KMTC inaomba C kwa diploma na C- kwa cheti, na masomo ya msingi yanatofautiana kwa kila kozi. Maombi siku hizi yanapitia KUCCPS. Anayekuambia ana njia ya mkato kwa "pesa ya chai" anakula ng'ombe wako.

24/ Na jambo la mwisho kwa mzazi: usichague kozi kwa sababu jirani amechagua. Kila mtu akikimbilia kada moja, foleni inakuwa ndefu hapo. Uliza ni wataalamu gani wanaotafutwa na hawapatikani. Ganzi, eksirei, viungo bandia, fiziotherapia, afya ya akili. Tembea hospitali mbili tatu za huku, uliza wafanyakazi wenyewe pale nje wakinywa chai. Watakuambia ukweli ambao brosha ya chuo haitaki kukuambia.

25/ Kwa wapiga kura sasa. Mtu akisema "tutaajiri wahudumu wa afya", muulize haya manne, kwa heshima lakini kwa sauti:
a) Wewe unagombea kiti gani? Mbunge haajiri muuguzi wa kaunti. Gavana hapangi bajeti ya unagenzi.
b) Ajira ya kudumu ama kandarasi? Ya miaka mingapi?
c) Kaunti ikiwa tayari imepita asilimia 35, hiyo nafasi itatoka wapi?
d) Kada gani? "Wahudumu" ni neno pana. Taja.
Asipoweza kujibu hata moja, umepata jibu lako.

26/ Kwa maoni yangu, kinachohitajika si siri. Anayefunza na anayeajiri wakae meza moja tena. Kaunti ziseme zitahitaji watu wangapi na wa kada gani miaka mitano ijayo, vyuo vichukue wanafunzi kwa hesabu hiyo, na pesa za unagenzi ziwekwe kwenye bajeti siku ile mwanafunzi anapokubaliwa, si siku anapomaliza. Tulifanya hivyo zamani tukiwa maskini zaidi ya leo. Yule dresa wa 1927 alidharauliwa na kulipwa kidogo, lakini hakuna aliyemfunza kisha akajifanya hamjui.

27/ Nimemaliza. Kama wewe ni mhudumu wa afya, ama una mtoto anayesubiri kutumwa unagenzi, andika hapo chini kada yako na umesubiri tangu lini. Usitaje hospitali wala jina la mtu. Nataka wale wagombea wanaosoma huu uzi kimya kimya waone foleni ina urefu gani.